Ini na Mafuta ya Damu: Safari ya Asidi za Mafuta

Tuanze na swali. Mtu amekula chakula cha jioni saa mbili usiku. Tangu hapo hakutia kitu mdomoni isipokuwa maji, na saa mbili asubuhi akaenda kupima damu. Cheti cha maabara kinaonyesha ana trigliseridi milimoli 1.2 katika kila lita ya plazima. Eleza chanzo cha mafuta hayo.

Katika mitihani ya majaribio niliyowahi kusahihisha, jibu linalojirudia ni hili: "Mafuta hayo yametokana na chakula alichokula jana usiku." Mwanafunzi huandika sentensi hiyo kwa kujiamini, akaweka nukta, akahamia swali linalofuata. Amepoteza alama zote. Saa kumi na mbili baada ya mlo, mafuta ya chakula kile yamekwisha kuondolewa kwenye damu ya mtu mwenye afya. Yaliyopimwa asubuhi yametengenezwa na ini lake mwenyewe, usiku ule ule, yeye akiwa usingizini. Sura hii itakueleza ini linayapata wapi malighafi yake, linayaunganishaje, na kwa nini linajisumbua kufanya hivyo.

Maneno ya kushika kwanza

Asidi ya mafuta ni mnyororo mrefu wa atomu za kaboni na haidrojeni wenye kikundi cha kaboksili upande mmoja. Mfano mzuri ni asidi ya palmitiki, C₁₆H₃₂O₂, ambayo imejaa kwenye mawese. Gliseroli, C₃H₈O₃, ni molekuli fupi yenye vikundi vitatu vya haidroksili. Kila kikundi kinaweza kuungana na asidi moja ya mafuta, na kila muungano hutoa molekuli moja ya maji. Asidi tatu zikishikamana na gliseroli moja, tunapata trigliseridi.

Mtahini akikuuliza masi ya molekuli ya trigliseridi ya palmitiki, usikimbilie kujumlisha tu. Gliseroli ni 92. Asidi tatu ni 3 × 256 = 768. Jumla ni 860, lakini maji matatu yametoka, yaani 3 × 18 = 54. Jibu ni 806. Wanaosahau kutoa maji huandika 860, na hapo alama huishia njiani.

Trigliseridi ndiyo mafuta ya damu tunayoyazungumzia hapa. Kolesteroli ni lipidi ya aina nyingine kabisa yenye umbo la pete, nayo si trigliseridi ingawa husafiri pamoja nayo. Usiyachanganye maneno haya mawili.

Kwa nini asidi zisisafiri zenyewe?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu wamelisoma kwenye Kemia na kuliacha huko huko. Sabuni ni nini? Ni chumvi ya asidi ya mafuta. Mtu anayetengeneza sabuni ya magadi nyumbani huchukua mafuta ya mawese au ya nazi, akachanganya na soda kali, na mafuta hugawanyika kuwa gliseroli na chumvi za asidi za mafuta. Chumvi hizo zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, na ndiyo maana huondoa grisi kwenye sufuria.

Sasa kumbuka kwamba pH ya damu ni karibu 7.4. Katika hali hiyo, karibu asidi zote za mafuta zimekwisha kupoteza haidrojeni ya kichwani. Ziko katika umbo lile lile la ayoni lililomo kwenye sabuni. Na utandu wa seli umetengenezwa kwa lipidi. Fikiria basi damu iliyojaa sabuni ikipita kwenye kuta za moyo na figo.

Mwili unajikinga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzibeba asidi hizo juu ya protini iitwayo albumini, ambayo ina mifuko midogo inayozishika imara hadi zifike zinakotakiwa. Hizi huitwa asidi huru za mafuta, ingawa kwa kweli hazina uhuru wowote. Njia hii inafaa kwa kiasi kidogo na safari fupi. Asidi hizi hudumu dakika chache tu kwenye damu kabla ya kuchukuliwa na misuli, moyo au ini. Njia ya pili ni kuzifunga tatu tatu kwenye gliseroli. Kichwa chenye matata kikishashikwa na gliseroli, tabia ya sabuni huondoka. Trigliseridi hailiumizi seli kama asidi huru, na inaweza kufungashwa nyingi kwa pamoja.

Lakini kuna tatizo jipya: trigliseridi haichanganyiki na maji hata kidogo, na plazima sehemu yake kubwa ni maji. Ikiachwa hivi hivi ingeelea kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa hiyo hufungashwa ndani ya chembe iitwayo lipoprotini. Katikati ya chembe ni trigliseridi na kolesteroli iliyofungwa. Nje kuna tabaka moja la fosfolipidi, vichwa vikitazama majini na mikia ikitazama ndani, na juu yake zimepachikwa protini. Ukiambiwa uchore lipoprotini, hakikisha tabaka la nje ni moja. Wanafunzi wengi huchora matabaka mawili kwa sababu wanakumbuka utandu wa seli. Ndani ya lipoprotini hakuna maji, ni mafuta. Mikia haina sababu ya kujificha.

Mafuta ya mlo hupita njia gani

Tumchukue kijana aliyekula chapati mbili na mayai saa moja asubuhi. Mafuta yanapofika kwenye duodeni, nyongo huyavunja kuwa matone madogo. Zingatia: nyongo si kimeng'enya, nayo haimeng'enyi mafuta, inaongeza tu eneo la kufanyia kazi. Lipesi ya kongosho ndiyo inayomeng'enya. Mfaransa Claude Bernard aliliona hili katika karne ya 19 kwa sungura, ambao mrija wao wa kongosho huingia utumboni mbali kidogo na ule wa nyongo. Baada ya mlo wenye mafuta, mishipa ya limfu ya utumbo iligeuka kuwa myeupe pale tu baada ya mahali utomvu wa kongosho ulipoingia. Kabla ya hapo, ingawa nyongo ilikuwepo, hakukuwa na weupe.

Seli za ukuta wa utumbo mwembamba hufyonza asidi za mafuta na mabaki ya gliseroli, kisha hufanya jambo la kushangaza kidogo: huziunganisha tena kuwa trigliseridi. Kilichovunjwa dakika chache zilizopita kinajengwa upya, kwa sababu kisingeweza kupenya utandu kikiwa kizima, na sasa hakiwezi kusafiri kikiwa vipande. Hufungashwa katika lipoprotini kubwa ziitwazo kailomikroni na kuingizwa kwenye limfu, si kwenye kapilari za damu.

Weupe huo wa limfu ulionekana mwaka 1622. Daktari wa upasuaji wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa amekula muda mfupi kabla, akaona nyuzi nyeupe zimetandaa kwenye utando unaoshika utumbo. Kwanza alidhani ni neva. Alipoutoboa mmoja, kikatoka kitu cheupe kama maziwa. Aselli alikosea jambo moja, nalo ni kosa lile lile la watahiniwa wa leo: aliamini nyuzi hizo zinaelekea kwenye ini. Sivyo. Glukosi na asidi za amino ndizo zinazokwenda moja kwa moja kwenye ini, kupitia vena inayotoka utumboni. Kailomikroni hupanda na mrija mkuu wa limfu kifuani na kumwagwa kwenye vena kubwa karibu na shingo, upande wa kushoto. Zinaingia kwenye mzunguko wa damu bila kupitia kwanza kwenye ini.

Zikifika kwenye kapilari za misuli, moyo na tishu ya mafuta, hukutana na lipesi nyingine iliyoshikizwa kwenye ukuta wa kapilari. Hii huvunja trigliseridi kwa mara ya pili, na asidi huingia kwenye seli za jirani. Misuli huziunguza kupata nishati. Seli za mafuta huziunganisha tena kuwa trigliseridi na kuziweka akiba. Insulini, iliyopanda kwa sababu ya wanga wa chapati, ndiyo inayoamsha lipesi hiyo katika tishu ya mafuta. Saa chache baada ya mlo kazi imekaribia kwisha. Ndiyo maana anayekwenda kupima mafuta ya damu mara nyingi huambiwa asile kwa saa 8 hadi 12: maabara inataka kuona kazi ya ini, si mabaki ya chapati.

Usiku, ini linapofanya kazi

Rudi sasa kwa mtu wetu wa saa mbili usiku. Kadiri usiku unavyosonga, glukosi kwenye damu inapungua kidogo, insulini inashuka. Insulini ndiyo iliyokuwa imefunga mlango wa ghala la mafuta. Ikishuka, lipesi ya ndani ya seli za mafuta huanza kazi, ikisaidiwa na homoni kama adrenalini, na trigliseridi za akiba hugawanywa kuwa gliseroli na asidi za mafuta. Asidi zinaingia kwenye damu, zinapanda juu ya albumini, na safari inaanza. Gliseroli inayeyuka kwenye plazima bila msaada.

Sehemu kubwa ya asidi hizi huchukuliwa na misuli na moyo. Sehemu nyingine hunaswa na ini, na humo zina njia tatu. Zinaweza kuunguzwa ndani ya mitokondria ili kulipatia ini nishati. Zinaweza kugeuzwa kuwa miili ya ketoni, ambayo ubongo huitumia kufunga kukiendelea siku nyingi. Au zinaweza kuunganishwa tena na gliseroli kuwa trigliseridi.

Njia hii ya tatu ndiyo jibu la swali letu, kwa hiyo tuikalie. Ndani ya seli ya ini, asidi ya mafuta huamshwa kwanza kwa kutumia nishati ya ATP. Asidi ambayo haijaamshwa haiunganiki. Gliseroli nayo lazima ipachikwe fosfati. Ini lina kimeng'enya cha kufanya hivyo, kwa hiyo linaweza kutumia ile gliseroli iliyotoka kwenye seli za mafuta, au kuitengeneza kutokana na glukosi. Kisha asidi ya kwanza inashikana na gliseroli fosfati, inafuata ya pili, fosfati inaondolewa, na asidi ya tatu inachukua nafasi iliyoachwa. Trigliseridi imekamilika.

Sasa ifungashwe. Ini hutengeneza protini kubwa iitwayo apolipoprotini B, huijazia trigliseridi, kolesteroli na fosfolipidi, na kuachia damuni lipoprotini nyepesi sana, ambayo vyeti vya maabara huiandika kwa herufi VLDL. Inapita mwilini, lipesi ya kapilari inaitoa trigliseridi kidogo kidogo, chembe inapungua ukubwa, na nyingine huishia kuwa LDL, ile inayobeba kolesteroli kwa wingi. Tofauti ya kailomikroni na VLDL ni swali linalopendwa sana. Ya kwanza hutoka utumboni na hubeba mafuta ya mlo. Ya pili hutoka kwenye ini na hubeba mafuta yaliyotengenezwa mwilini. Ukiandika hivyo tu, umeshika kiini.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, tena kwa hasira kidogo: kwa nini ini livunjiwe mafuta huko kwenye ghala, lipokee asidi, lizijenge upya, halafu lizirudishe damuni zikavunjwe tena? Si hasara? Swali lake ni zuri kuliko mengi yaliyomo mtihanini. Seli za mafuta haziwezi kujua kila dakika misuli inahitaji kiasi gani. Huachilia asidi zaidi ya zinazounguzwa. Ziada hiyo ikibaki damuni ingekuwa ile sabuni tuliyoisema. Ini huiokota, huifunga katika umbo lisilodhuru, na kuituma upya. Gharama ya ATP ipo, lakini ni ndogo.

Na ni kiasi gani kinachozunguka? Piga hesabu. Mtu mzima ana plazima ya karibu lita 3. Trigliseridi milimoli 1.2 kwa lita ni sawa na milimoli 3.6 kwa plazima yote. Ukitumia masi 806, unapata 0.0036 × 806, yaani gramu 2.9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina karibu gramu 14. Hivyo damu nzima ya mtu aliyefunga usiku kucha haina hata robo ya kijiko hicho. Kipimo cha damu hakikuonyeshi ghala. Kinakuonyesha mizigo iliyo barabarani wakati ule.

Sukari nayo huwa mafuta

Mjomba wangu ni dereva wa masafa marefu. Aliambiwa trigliseridi zake zimepanda, akarudi nyumbani na kupiga marufuku mafuta jikoni. Shangazi akawa anachemsha kila kitu, hadi mboga za majani. Miezi mitatu baadaye alipima tena, na hazikuwa zimeshuka. Daktari akamuuliza barabarani anakunywa nini. Soda, akasema, tatu au nne kwa siku, na chai ya sukari ya kutosha ili asisinzie.

Ini likipata glukosi zaidi ya inayohitajika, kwanza hujaza akiba yake ya glikojeni. Akiba hiyo ina kikomo. Inayozidi hukatwa kuwa vipande vya kaboni mbili mbili, na vipande hivyo huunganishwa kuwa asidi ya mafuta, hasa ile ya palmitiki tuliyoanza nayo. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoungana, na fruktosi sehemu yake kubwa hushughulikiwa na ini, ambalo huigeuza kuwa malighafi ya mafuta kwa urahisi. Asidi hizo mpya huingia katika mstari ule ule: gliseroli, trigliseridi, VLDL, damu. Mjomba alikuwa ameziba mlango mmoja wa kiwanda na kuuacha mwingine wazi. Katika karatasi ya mtihani, kosa lake huandikwa hivi: "Ili kupunguza trigliseridi mtu aache kula mafuta." Jibu kamili hutaja pia sukari, wanga uliozidi mahitaji, pombe, na kutofanya mazoezi.

Kwa kawaida kipimo cha mtu aliyefunga hutakiwa kiwe chini ya milimoli 1.7 kwa lita. Kikipanda kwa muda mrefu, hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Kikizidi 10 au hapo, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na huo ni ugonjwa wa kulazwa.

Ufungashaji unaposhindwa

Pombe huzuia ini kuunguza asidi za mafuta, kwa hiyo nyingi zaidi hugeuzwa kuwa trigliseridi. Ini likitengeneza kuliko linavyoweza kusafirisha, matone hubaki ndani ya seli zake. Hilo huitwa ini lenye mafuta.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mtoto mwenye kwashiakoo, aliyelelewa kwa uji wa muhogo usio na maziwa wala maharage, mara nyingi hukutwa na ini lililovimba kwa mafuta, ingawa mafuta ni kitu ambacho hajakiona kwenye sahani yake kwa miezi. Mafuta hayo yametoka kwenye akiba ya mwili wake mwenyewe na kwenye wanga wa uji. Sababu moja inayotolewa ni upungufu wa protini: ini lina trigliseridi, lakini halina malighafi ya kutosha ya kutengenezea apolipoprotini za kuifungashia. Mzigo upo, magunia hayapo. Ukipewa swali la kueleza uhusiano kati ya protini na usafirishaji wa mafuta, mfano huu utakupa alama ambazo wenzako hawatazipata.

Jibu la mfano (alama 6)

"Mafuta ya mlo huwa yameondolewa damuni saa 12 baada ya kula (alama 1). Insulini inaposhuka, seli za mafuta huvunja trigliseridi na kutoa asidi za mafuta na gliseroli (1). Asidi husafiri zikiwa zimeshikwa na albumini (1). Ini huchukua sehemu ya asidi hizo na kuziunganisha tatu tatu na gliseroli kuwa trigliseridi (1). Trigliseridi hufungashwa pamoja na protini, fosfolipidi na kolesteroli kuwa VLDL (1), ambayo huachiwa kwenye damu, na ndiyo iliyopimwa asubuhi (1)."

Mazoezi

1. Mchezaji wa mpira na mwenzake asiyefanya mazoezi wamekula mlo ule ule. Eleza kwa nini trigliseridi za mchezaji zinaweza kushuka mapema zaidi. (alama 4)

2. Sampuli mbili za plazima zimeachwa kwenye friji. Moja ina tabaka jeupe juu kama malai, nyingine haina. Ipi ilichukuliwa saa tatu baada ya mlo wenye mafuta, na chembe za tabaka hilo zinaitwaje? (alama 3)

3. Kokotoa masi ya trigliseridi yenye asidi tatu za oleiki, C₁₈H₃₄O₂. Onyesha njia. (alama 3)

4. "Nyongo humeng'enya mafuta, kisha mafuta huenda moja kwa moja kwenye ini." Sentensi hii ina makosa mawili. Yataje na uyasahihishe. (alama 4)

Majibu ya swali la 3: 884. Ukipata 938, rudi ukatoe maji.